Iringa: Nguo ya Kufunga na Kuchovya

Ukienda Iringa kwa basi, unaweza kupitia Ipogoro. Hapo ni bondeni, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Mji wenyewe uko juu ya kilima. Ukipanda huko mwezi wa Juni au Julai, chukua sweta.

Mji huu unajua kazi za mikono. Akina mama wa Kihehe husuka vikapu vya milulu. Mwaka 2003 Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, lilianzisha karakana ya Neema kwa watu wenye ulemavu. Walianza vijana 3 viziwi. Walitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo! Baadaye zikaja kazi za kufuma na kuchapa vitambaa.

Ukiona kitambaa chenye maduara kama jua, kitazame vizuri. Wengi husema ni batiki. Lakini batiki huchorwa kwa nta. Hiki kimefungwa kwa uzi, kisha kimechovywa katika rangi. Palipofungwa, rangi haikuingia.

Kazi hii unaweza kuifanya nyumbani. Anza na kitambaa kidogo cha pamba, kama bafta au marekani. Tetroni haishiki rangi hii. Kifue kwanza ili wanga utoke. Shika katikati, inua, zungushia uzi. Kaza sana. Uzi ukilegea, badala ya ua utapata doa.

Rangi huchanganywa na maji ya moto, kostiki soda na haidro. Fuata vipimo vya muuzaji wa rangi. Nguo ikitoka, usishangae kuona rangi si ile uliyotaka. Hewa ndiyo huikomaza. Nguo ya nili hutoka na rangi ya kijani, kisha hugeuka buluu ukiitazama. Wengi hapa hukosa subira, wakairudisha ndooni. Wewe ngoja.

Sasa sikiliza habari ya kostiki soda. Hii si magadi ya kupikia maharage. Huunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Vaa glavu za mpira. Weka maji kwanza, ndipo utie soda kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya soda, yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Usitumie sufuria ya alumini, maana soda huila. Tumia ndoo ya plastiki, na ndoo hiyo isirudi jikoni tena.

Je, una watoto nyumbani? Soda hii ni nyeupe kama chumvi, na mtoto anaweza kuionja. Ifungie mahali pa juu. Usiiweke kamwe katika chupa ya maji ya kunywa. Ikimrukia mtu, mwoshe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi, kisha mpeleke zahanati. Akiimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali.

Nguo ikikomaa, isuuze mpaka maji yawe meupe, ukate uzi, uianike kivulini. Maji yaliyobaki usiyamwage mtoni, kwa sababu walio chini wanateka hapo hapo. Chimba shimo mbali na kisima na bustani ya mboga, uyamwage humo, ulifukie.