Trauti wa Ziwa Ellis

Samaki wa kule juu walikuwa na wenyewe. Hivyo ndivyo watoto wa Chogoria, kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, walivyoelewa mambo miaka ya 1980. Land Rover ilipita sokoni ikielekea msituni, fito za kuvulia zimefungwa juu ya paa, na siku kadhaa baadaye ikarudi imejaa matope hadi madirishani. Yaliyotokea katikati waliyajua wapagazi tu. Mjomba wa mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao, na alipoketi jioni kusimulia, habari ya mizigo ilikuwa nyingi kuliko ya samaki: kasha la chupa, meza ya kukunja, na hema la turubai ambalo likishanyeshewa mtu mmoja haliinui.

Samaki wenyewe walikuwa wageni sawa na waliowavua. Mwaka 1905, Ewart Grogan, aliyekwisha kujipatia jina kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza trauti wa kahawia wa Loch Leven, Uskoti, wakatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye kwao ni Amerika ya Kaskazini, alifuata mnamo 1910 kupitia Afrika Kusini. Walowezi walitaka mchezo wa nyumbani kwao, na maji baridi ya milima yaliwapa. Mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha kuzalisha vifaranga huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Maziwa ya juu ya Mlima Kenya hayakuwa na samaki hapo awali. Hakuna samaki wa mtoni ambaye angepanda maporomoko yale kwa nguvu zake. Kila trauti anayeruka leo katika Ziwa Ellis, Ziwa Alice au Rutundu, mababu zake walibebwa na mtu.

Wenyeji hawakuwaonea wivu wageni hao. Wameru, kama majirani zao Wakikuyu na Waembu, hawakuwa walaji wa samaki. Bibi yake mwandishi aliwaweka kundi moja na nyoka, na sufuria iliyopikiwa samaki isingevuka kizingiti cha jiko lake. Mjomba alipopewa trauti kama bakshishi, alishuka nao wamefungwa kwa majani na kumpelekea mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyetoka pande za Kisumu. Mwalimu alimlipa kwa sukari. Mpango huo uliendelea miaka mingi bila mtu kulalamika.

Mwandishi alipanda mwenyewe baada ya kumaliza kidato cha nne, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjomba alipopungukiwa na mbebaji. Kutoka mjini hadi lango la hifadhi ni takriban kilomita 30 za msitu na mianzi, na mvua ikiwa imenyesha, gari husukumwa zaidi kuliko linavyoendeshwa. Lango liko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ukipita hapo, miti inaisha ghafla, kunabaki nyasi za mashungi, vichaka na upepo. Ziwa Ellis liko kwenye uwanda huo, mita 3,400 na zaidi, maji yake meusi na kina chake cha pwani ni cha magotini.

Usiku wa kwanza alijifunza kwamba maharagwe hayaivi kule. Maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100, kwa hiyo mtu anaweza kuchochea moto mpaka alfajiri na bado akatafuna changarawe. Wapagazi walilijua hilo. Walibeba githeri iliyochemshwa nyumbani, unga wa ugali, na majani ya chai ya strungi. Wao walilala chini ya kipande cha turubai, migongo imegusana, huku maji kwenye ndoo yakishika barafu. Mgeni alikuwa na kitanda cha kambi.

Mgeni huyo alikuwa mzee mkimya ambaye hakupenda kukaa peke yake ziwani. Asubuhi ya pili alimpa kijana ufito.

“Simama ukitazama jua, kijana. Kivuli kikianguka majini, nenda ukanywe chai, samaki hakuna.”

Mshipi ulikuwa mzito na ndoana nyepesi, kinyume cha uvuvi wa kawaida. Anayerusha harushi ndoana. Anarusha mshipi wenyewe, unanyooka nyuma yake hewani, anasubiri, ndipo anausukuma mbele. Yule asiyesubiri hujinasa shati. Kwenye ndoana kulifungwa uzi mweusi na unyoya kuiga mdudu wa majini, maana trauti wa ziwa hili anaishi kwa vijidudu. Akaambiwa auache uzame, kisha auvute kidogokidogo kwa vidole. Alipokamata, aliona samaki mwenye mstari wa waridi ubavuni na madoa meusi hadi mkiani, magamba madogo kiasi kwamba kiganja hakiyahisi. Walimkaanga kwa Kimbo. Nyama ilikuwa ya rangi ya chungwa. Kijana alikula, akamwambia mjomba asimtaje kwa bibi.

Tangu hapo mambo yamebadilika kidogokidogo, na si yote yaliyobadilika mlimani. Mahema ya turubai yaliondoka, yakaja ya nailoni ambayo mtu hubeba mkononi. Majiko ya gesi yameshika nafasi ya kuni, na ni heri, kwa kuwa vichaka vya juu hukua polepole mno na moto mmoja wa uzembe hula uwanda mzima. Moto mkubwa wa Machi 2012 uliwaonyesha watu jambo hilo hata walio mbali. Wavuvi nao walianza kubana mwiba wa ndoana kwa koleo ili samaki arudishwe majini akiwa mzima. Mjomba aliliona hilo kuwa wazimu. Kutembea siku nzima, kukamata samaki, kisha kumwachia! Mwandishi bado hajapata jibu ambalo lingemridhisha mzee huyo.

Kwa upande wa chakula, badiliko kubwa lilitoka serikalini. Kuanzia mwaka 2009, mpango wa kuchochea uchumi ulichimba mabwawa ya samaki ya mita 300 za mraba katika maeneo mengi ya nchi, na nyanda za chini ya mlima hazikuachwa. Samaki walikuwa ngege na kambare, si trauti, na mabwawa mengine yalikauka baadaye, lakini watoto walionja. Siku hizi samaki wa kukaanga huuzwa kando ya barabara pale ambapo zamani angeonekana kituko.

Na wageni? Mwaka 2010 mwanamfalme William wa Uingereza alimposa Kate Middleton huko Rutundu, na kwa muda maziwa haya yakawa habari ya dunia. Lakini waliojaza Ellis si wageni wa ng’ambo. Ni vijana wa Nairobi, Meru na Embu, wanaokuja kwa magari ya magurudumu manne yenye hema juu ya paa, au kwa vikundi vya kupanda milima vinavyopangwa kwa simu. Mwandishi alipofika tena hivi karibuni, alikuta mahema ya rangi zote ukingoni, nyama choma, spika inayovuma, na msichana mmoja akimfundisha mama yake kupiga picha ya mawio. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyotarajia. Mlima ambao baba zao waliujua kwa mgongo, sasa wanaujua kwa miguu yao wenyewe.

Kilichokosekana ni fito. Katika kambi nzima hakuna aliyevua, na wengi hawakujua kwamba mna samaki. Hapo mwandishi ana lawama kidogo. Anayevua hukaa ukingoni saa nyingi bila kelele, na ndiye huwa wa kwanza kuona chupa zikielea, maji yakipungua au samaki wakidhoofu. Ziwa lisilo na mvuvi halina wa kulisemea, na trauti waliopandwa na watu hawawezi kuachwa wajitunze milele.

Basi wewe unayepanga kwenda Ellis msimu ujao wa kiangazi, Januari au Februari, ulizia kibali cha kuvua langoni kabla ya kupanda, beba ufito hata wa kuazima, uzime spika, na ushuke na taka zako zote.