Katika Mtaa wa Kompyuta, Bur Dubai

Mtu afikapo Dubai kwa mara ya kwanza, aghalabu wenyeji wake humpeleka kutazama majumba marefu. Sisi tulimwomba mpwa wetu, ambaye afanya kazi upande wa Deira, atupeleke horini. Alicheka kidogo, akatii. Tukashuka gatini, tukaingia katika chombo cha mbao kiitwacho abra, tukatoa dirham 1 kila mtu, na kabla hatujatulia vema ubaoni tukawa tumekwisha vuka kwenda Bur Dubai.

Ng'ambo hiyo uko mtaa wa kale wa Al Fahidi, wenye nyumba za minara ya kunasa upepo. Msomaji wa Pwani akiinua macho kutazama dari za nyumba kama hizo atakiona kitu akijuacho toka utotoni, nacho ni boriti za mikoko. Zilikatwa kwetu, pande za Lamu na Rufiji, zikapakiwa majahazini yakirudi Ghuba kwa pepo za kusi, na upana wa vyumba vya kale vya huku uliufuata urefu wa boriti hizo. Twadhani aliyezinunua alizigonga kwa kifundo cha kidole na kuzitazama nchani kabla ya kutoa fedha. Tulisimama pale muda mrefu kuliko alivyopenda mpwa wetu.

Shughuli iliyotuleta haikuwa boriti. Huko kwetu Mombasa tuna chama cha maziko, nacho mali yake yote ni daftari ya wanachama na michango yao, ambayo siku hizi huandikwa katika kompyuta mpakato. Miaka miwili nyuma ni sisi wenyewe tuliopewa fedha za kuinunua. Tukapita dukani, duka ambalo hatutalitaja, tukaona bei ya juu imepigwa mstari mwekundu na chini yake imeandikwa nusu ya bei ile. Tukalipa papo hapo, tukarudi kwa wazee na kifua mbele. Mwezi wa 14, bawaba ya kushoto iling'oa kipande cha ganda, na kioo kikabaki kikining'inia kwa waya. Fundi alipoifungua alituonyesha skrubu za bawaba zilizokuwa zimeshikwa na vijiti vya plastiki vyembamba kama njiti za kiberiti.

Lau yangekuwa hayo tu, tungenyamaza. Lakini katika juma lile lile alifariki mwenzetu mmoja, na mama mweka hazina hakuweza kuifungua hesabu yake kujua ana haki ya kiasi gani. Sanda ilichukuliwa kwa mkopo, na jamaa za maiti wakajua kuwa imechukuliwa kwa mkopo. Basi wazee waliposikia kuwa tunasafiri, walitupa amana mara ya pili, dola 400. Hawakutulaumu kwa neno lolote, na kunyamaza kwao kulitulemea kuliko lau wangetusuta.

Dola 400 ni dirham 1,469, kwa kuwa toka mwaka 1997 dirham imefungwa kwa dola 1 kuwa dirham 3.6725. Hilo humpunguzia mgeni hesabu moja. Hesabu nyingine ni kodi ya asilimia 5 iliyoanza Januari 2018. Kwa hiyo mtu akitajiwa bei, swali lake la kwanza na liwe kama kodi imo au haimo.

Njia yenyewe yaitwa Khalid bin Al Waleed. Kuna waiitao Njia ya Mabenki, na kipande chake kimoja chajulikana kuwa ni Mtaa wa Kompyuta. Maduka yamebanana, na jirani hapo liko jengo la Al Ain Centre ambalo limejaa wauzaji wa bidhaa hizo hizo. Wengi wao ni watu wa Bara Hindi, wapole na wepesi wa ulimi. Mmoja alitukaribisha kwa kutuita Haji, akatuletea chai, kisha akatuonyesha mashine mpya ya kazi za ofisini. Bei ya dirham 6,400 ilikuwa imepigwa mstari, na chini yake imeandikwa 3,900.

"Mjomba," akanong'ona mpwa wetu, "wamepunguza asilimia 39!"

Tulimshika mkono tukatoka naye. Mstari ule mwekundu tulikuwa tunafahamiana nao. Tukaingia duka la nne kutoka hapo, tukakuta mashine ya namba ile ile yauzwa dirham 3,750, na juu yake hapana mstari wala neno la punguzo. Kijana akanyamaza.

Jambo hili vijana wetu wanaoanza kazi yawapasa kulifahamu. Kompyuta za ofisini hutundikiwa bei ya juu kwa sababu makampuni makubwa hununua mamia kwa mamia na hupatana bei yao wenyewe. Bei ya kwenye karatasi ni mahali pa kuanzia maneno. Kadhalika, karibu kila mwaka hutoka toleo jipya, na la mwaka uliotangulia hushuka bei bila ya hisani ya mtu. Kwa hiyo punguzo la kweli hulinganishwa na bei ambayo watu wameilipa miezi hii, na bei ya duka jirani; bei iliyofutwa si kipimo. Tena ulinganishe namba nzima iliyo tumboni mwa mashine. Jina peke yake halitoshi, maana mashine mbili za jina moja huweza kuwa moja ina kioo chenye mwanga hafifu na memori haba, na ya pili ina dhamana ya miaka 3 hali ya kwanza ina mwaka 1 tu.

Waliosoma milango ya biashara katika fiqhi waijua najshi, yaani mtu kuipandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua, ili mwingine aghurike. Je, bei iliyopigwa mstari ambayo hapana aliyepata kuilipa ni jamaa yake? Twawaachia masheikh; sisi twaona harufu yake ni moja.

Dirham 3,750 hatukuwa nazo, basi tukaingia upande wa mitumba, na hapa ndipo palipotupendeza. Makampuni ya Ulaya na Marekani mengi hukodi kompyuta kwa miaka 3 au 4, kisha huzirudisha zote kwa pamoja, zikauzwa kwa shehena. Mashine iliyokuwa ghali ilipozaliwa, huuzwa kwa bei ya mashine mpya ya plastiki. Na kwa fedha haba, twasema bila kusita, ya kwanza ndiyo bora.

Muuzaji akatuwekea ThinkPad mbili mezani. Ukoo huo ulianzishwa na IBM mwaka 1992, ukanunuliwa na Lenovo mwaka 2005. Moja ilikuwa T470 kwa dirham 800, ya pili T480 kwa dirham 1,300. Zilifanana kama pacha. "Ni kitu kimoja, Haji," akasema. Kwa ganda alisema kweli. Lakini tulipotazama ndani, prosesa ya T470 ilikuwa i5-7300U, yenye viini 2, na ya T480 i5-8350U, yenye viini 4. Ile tarakimu ya 7 na ya 8 ndiyo kizazi cha prosesa. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, katika prosesa za ukoo huo yataka kizazi cha 8 na kuendelea. Na matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Basi dirham 500 zilizo baina yao hazikuwa ukali wa muuzaji. T470 ilikuwa rahisi kwa sababu wakati wake ulikuwa umekwisha, na hilo halikuandikwa popote juu yake.

Tukaanza kuipima T480 kama zilivyopimwa boriti. Tuliishika kwa pembe moja tukainyanyua. Haikulia wala kupinda. Tulibonyeza katikati ya kibodi kwa kidole gumba, na haikuzama. Tulisukuma mgongo wa kioo taratibu huku tukitazama kama picha yafanya mawimbi. Bawaba tulizipima zaidi ya yote, nadhani msomaji ajua sababu. Tukafungua na kufunga mara nyingi, tukisikiliza kama moja yakwaruza, tukatazama kama kioo chasimama pale kilipoachwa. Kisha tukaomba kifuniko cha chini kifunguliwe. Muuzaji alikunja uso, akakifungua. Memori yake ilikuwa ya kuchomeka, hata kesho yaweza kuongezwa. Katika mashine nyembamba, X1 Carbon kwa mfano, memori imelehemiwa juu ya bodi; utakalonunua ndilo utakalokufa nalo.

Muuzaji akatutajia pia kipimo cha jeshi la Marekani, MIL-STD-810. Kipimo hicho chapatikana kweli, toka mwaka 1962, nacho ni cha joto, vumbi, mtikisiko na kuanguka. Ila hapana mamlaka itoayo cheti chake. Mtengenezaji huchagua mwenyewe majaribio atakayofanya. Tukalisikia neno lile kwa heshima, tukaendelea kubonyeza.

Betri haidanganyi ukiiuliza. Ukiandika amri ya powercfg /batteryreport, kompyuta hukuandikia betri iliundwa kubeba kiasi gani na sasa yabeba kiasi gani. T480 ina betri 2, moja ndani na moja ya kuchomoa. Ile ya nje iliundwa kubeba wati-saa 24. Ikabainika sasa yabeba 13. Muuzaji alishangaa, au alijifanya kushangaa, akatoa nyingine kabatini.

Jaribio la mwisho lilituponyesha. Tulitaka Windows ipakiwe upya na mashine iunganishwe na intaneti mbele ya macho yetu. Mpwa wetu aliona haya, akasema twamchosha mwenye duka. Ikachukua karibu saa nzima. Ilipokwisha, kioo kikatoa jina la kampuni moja ya ng'ambo, kikadai anwani ya barua pepe ya mfanyakazi wake. Maana yake ni kuwa mashine ile bado imeandikwa katika mali ya kampuni ile, na mtu mwingine akiinunua, siku atakayoipakia upya itamfungia mlango. Tungeyajua hayo tukiwa Mombasa, siku ya msiba mwingine.

Muuzaji akaguna, akaiweka kando bila ubishi. Hatumdhanii ubaya, yawezekana naye aliinunua asijue. Lakini kumweleza mnunuzi aibu ya bidhaa ni wajibu wa mwenye kuuza, na asiyeipima bidhaa yake hana la kueleza.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Tukaenda tukaswali, tukarudi. Alikuwa ameleta T480 nyingine, ganda lake lina mikwaruzo, na kibodi yake ina alama ya pauni, dalili ya kuwa ilitumika Uingereza. Tukaanza upya toka pembe hata bawaba. Tukabonyeza F1 ilipokuwa yawaka, tukaona hapana nywila iliyoachwa na mwenyewe wa kwanza. Ikapakiwa, ikaunganishwa, ikatupokea kama wageni wake. Kwa ajili ya mikwaruzo tulipatana dirham 1,150, na kodi dirham 57.50, jumla 1,207.50. Tulitaka risiti iandikwe namba ya mashine yenyewe, na dhamana ya siku 30 iwe kwa jina la mpwa wetu, maana yeye ndiye awezaye kuirudisha. Dhamana ya Bur Dubai haivuki bahari. Plagi yake ya miguu mitatu ni ile ile ya kwetu. Zikabaki dirham 261.50, tukanunua diski ndogo ya nje ili daftari ya chama iwe na nakala ya pili. Jambo hilo lilitupasa toka mara ya kwanza.

Tulivuka hori jua likizama, mzigo tumeupakata magotini. Nahodha akatutazama, akatuuliza kwa Kiarabu kama tumebeba dhahabu.

Mombasa tuliikabidhi kwa mama mweka hazina mbele ya wazee. Aliifunua kwa kidole kimoja, akaitazama ile mikwaruzo, akaifunga, akaifunua tena.

"Na hii," akauliza, "bei yake ilipigwa mstari?"

Tukamwambia haikupigwa. Akavaa miwani yake, akatoa bahasha ya risiti za zamani, akaanza kuandika majina.