Inchi Moja na Nusu

Ukifika hapa Maralal kwa mara ya kwanza utadhani Land Rover zote kuukuu za Kenya zilikubaliana zije kustaafu kwetu. Wenzetu wa mijini wana matatu za viti kumi na vinne. Sisi tukielekea Morijo, Marti hadi Baragoi, matatu ni Land Rover, na abiria hukalia gunia la unga huku mbuzi wa jirani akimtafuna kamba za viatu.

Ya Baba ni Series III ya mwaka 1978, ile fupi ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 88. Injini ni ya dizeli, lita 2.25. Mwili ni wa alumini na hauoti kutu, lakini chesisi ni ya chuma na huoza kama chuma kingine chochote. Imenizidi umri karibu mara tatu, nayo ndiyo inayotulisha sote saba. Ikilala gareji siku tatu, nyumbani tunajua kwa kutazama sufuria.

Adui wa Land Rover hii ni difu yake yenyewe. Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ambamo gia hugawa nguvu kwa magurudumu mawili, nalo huning'inia chini kuliko kitu kingine chochote cha gari. Mvua ikinyesha, malori huchimba mitaro miwili barabarani na katikati hubaki tuta. Tuta hilo halina huruma. Aprili mwaka jana, kabla ya kufika Marti, difu ya nyuma iligonga jiwe, mfuniko wake ukapasuka na oili yote ikamwagika mchangani. Abiria wakalala porini. Kati yao alikuwamo mama aliyekuwa akiletwa hospitalini kujifungua. Alijifungua pale pale, chini ya turubai, akisaidiwa na wanawake wenzake. Mola si Athumani, mama na mtoto wote ni wazima, ila vijana wa steji mpaka leo wanamwita mtoto huyo Difu. Baba hacheki anapolisikia jina hilo.

Tangu siku hiyo akaapa kuliinua gari. Na hapo ndipo kila mtu alipogeuka kuwa fundi! Makanga wakasema aongeze majani ya springi. Wengine wakasema aweke shekeli ndefu. Mjomba wangu naye ana Suzuki SJ410, ambayo kiwandani springi zake huwekwa chini ya ekseli. Zake zilihamishwa juu, na gari likasimama kama ngamia. Baba akataka yake ifanywe vivyo hivyo. Fundi wetu, mzee wa maneno machache, akamjibu, "Mzee, hizi zako ziko juu ya ekseli tangu kiwandani. Utazihamishia wapi?"

Kisha akaniita mimi. "Kijana, leta rula yako ya shule. Ingia chini upime difu."

Nikalala chali nikapima kutoka ardhini hadi kwenye tumbo la difu. Inchi 8. Fundi akaweka jeki chini ya chesisi, akainua mwili wa gari inchi 2 hivi, magurudumu yakiwa bado yanakanyaga ardhi. "Pima tena." Inchi 8 vile vile! Springi hukaa kati ya ekseli na chesisi, kwa hivyo ukizirefusha unainua mwili, tangi na viti vya abiria, lakini difu haina habari. Mtu akivaa kofia ndefu magoti yake hayapandi.

Kitu pekee kinachoweza kuipandisha difu ni gurudumu lenyewe. Matairi yetu yalikuwa 6.00-16, yaliyokuwa na kipenyo cha inchi 28.5 kwa kipimo changu. Yale ya 7.50-16, ambayo Land Rover ndefu hutoka nayo kiwandani, nikayapima kwa jirani nikapata inchi 31.5. Tofauti ni inchi 3. Nusu ya hiyo huenda juu ya ekseli na nusu chini yake, kwa hivyo difu ingepanda inchi moja na nusu tu. Ni kidogo, lakini jiwe la Marti lilitushinda kwa chini ya hapo.

Matairi matano pamoja na la akiba si mchezo, bwana. Pesa zilizokuwapo nyumbani zilikuwa za chakula changu cha mchana shuleni na cha dada yangu. Mimi ndiye niliyemwandikia Baba hesabu ile kwenye karatasi, huku nikijua barabara zingetoka wapi. Matairi yakanunuliwa, nasi tukakaa nyumbani wiki mbili. Jaribio la Kemia lilinipita. Hata hivyo ningeandika tena.

Baba bado alizitamani springi ndefu. Fundi akakubali tu kuzibadilisha zilizokuwa zimelala, ili gari lirudi kwenye kimo chake cha zamani. Land Rover fupi ina propela fupi ya nyuma. Ukiinua chesisi, propela hiyo husimama wima zaidi na krosi zake hulika upesi. Mipira ya breki nayo hunyooka mpaka mwisho gurudumu linapoingia shimoni. Tena mizigo na mbuzi huwa juu ya paa! Gari refu lenye uzito juu ni rahisi kulala ubavu.

Matairi yale hayakuja bure. Ukikata kona kabisa yalisugua springi, fundi akarekebisha bolti za kuzuia usukani. Spidomita ikawa mwongo: ikisema 50, ukweli ni 55. Baba alirudi kutoka Baragoi akishangaa kwamba barabara imepungua karibu kilomita 10. Kila gia nayo imekuwa nzito, na mlima tuliokuwa tukiupanda kwa gia ya tatu sasa tunautaka kwa ya pili.

Ghali kuliko yote ni hafshafti, ule mtaimbo unaotoka kwenye difu kwenda gurudumuni. Gurudumu kubwa huusokota zaidi. Mwezi wa Novemba ya nyuma ilikatika mlimani usiku, gari likiwa limejaa pomoni. Nilikuwamo. Heri ni kwamba katika Land Rover hii gurudumu la nyuma hubebwa na ganda la ekseli, si na hafshafti, kwa hivyo halichomoki. Baba akavuta vipande nje visije vikasaga gia za difu, akabonyeza kile kirungu cha njano, na magurudumu ya mbele yakatuvuta polepole mpaka Maralal. Tulifika saa nane usiku na hakuna aliyelala porini.

Sasa Baba amesikia kwamba Nairobi kuna matairi makubwa kuliko hayo. Fundi amemwambia anunue kwanza hafshafti mbili za akiba. Rula yangu nimeificha mpaka nimalize Kidato cha Nne.