Gari Linalala Wapi?

Swali lililonishinda siku ile halikuwa la injini wala la matairi. Fomu ya bima kwenye simu iliuliza gari langu linalala wapi: barabarani, ndani ya geti, au gereji yenye kufuli? Nikacheka peke yangu jikoni. Nilikumbuka Tabata, Dar es Salaam, ambako gari lilijibanza popote palipopatikana upenyo, na mlinzi wa mtaa ukampoza na buku. Nikachagua "barabarani", bei ikaja. Nikarudi nyuma, nikajaribu "ndani ya geti", bei ikashuka. Nikachungulia dirishani. Nyumba yetu haikuwa na geti, ilikuwa na mlango na ngazi mbili.

Nilikuwa na miezi mitano Uingereza, katika mji wa Leicester, na kazi niliyopata ilikuwa ya kuhudumia wazee majumbani kwao. Saa moja asubuhi namwogesha bibi huyu, saa mbili na nusu nampa dawa babu yule, upande wa pili wa mji. Kwa basi haiwezekani. Nikanunua Toyota Yaris kuukuu kwa pauni 2,400, nikadhani shughuli imekwisha. Bima ya mwaka mmoja ikaja pauni 1,900.

Nilikotoka, bima ni ya gari. Unalipia bima ndogo, ile ya kumfidia unayemgonga, shilingi 118,000 kwa gari dogo enzi zangu, na trafiki akikusimamisha anataka kujua kama gari linayo. Aliyeshika usukani atajitetea na leseni yake. Shemeji akiwa na msiba Chalinze, unamrushia funguo, unamkumbusha kuongeza maji. Hapa waliniuliza umri, kazi, ndoa, nimekaa nchini muda gani, kisha nimeendesha miaka mingapi bila kudai fidia. Nikaandika 14. Nilipopiga simu kuulizia, dada wa upande wa pili, kwa upole kabisa, akasema wao wataandika 0, kwa kuwa miaka ile ni ya kule.

Sifuri ile iliniuma kuliko bei. Miaka 14 ya barabara ya Morogoro, ya malori yanayopishana na wewe kwa kiasi cha kiganja, ya Jangwani masika maji yakigonga mlango! Na leseni yangu yenyewe ilikuwa na uhai wa miezi 12 tu tangu nihamie. Baada ya hapo ni mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani, foleni moja na watoto wa miaka 17.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kihindi anayeuza matairi, mzaliwa wa Jinja, Uganda. Alifika 1972, akiwa mtoto, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Baraza la mji wa Leicester lilikuwa limetangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije kwao, na wao wakaja. Kiswahili chake bado kipo, kimepungua maneno lakini hakijapungua utani.

"Kijana, hawa hawana shida na gari lako," aliniambia huku akifunga nati. "Wanataka kujua wewe ni nani. Baba yangu alipeleka sukari ya Kakira mpaka Mombasa miaka ishirini. Hapa walimbandikia L nyekundu, akafundishwa kupiga kona na mtoto."

Kisha akauliza fomu nimejaza vipi. Nikamwambia: matembezi, na kwenda kazini. "Kazini wapi?" Nikamweleza ya bibi na babu. Akaacha spana. Kumbe kutoka nyumbani kwenda sehemu moja ya kazi ni jambo moja, na kuzunguka kwa wateja ni jingine. Hilo huitwa matumizi ya kikazi na lazima litajwe. Ningegonga katikati ya nyumba mbili zile, kampuni ingeweza kugoma kunilipa hata senti, na mimi nikiwa na risiti mkononi. Nikapiga simu siku hiyo hiyo, wakaongeza pauni 85.

Alinionya pia nisikimbilie bima ndogo kwa kubana hela. Nilishaijaribu, na kweli, ilikuja ghali kuliko kubwa! Wanaoichagua wengi ni madereva ambao kampuni zinawaogopa, basi ukichagua kama wao unahesabiwa nao. Kulipa kidogo kidogo kila mwezi nako kuna riba, ila hapo sikuwa na ujanja.

Mtihani nilifaulu mwezi wa kumi, katika jaribio la pili. Wiki chache baadaye binamu yangu, aliyenitangulia huku miaka sita, akaja jioni kuomba gari akampokee shangazi Heathrow. Leseni anayo. Gari hana.

Nilisimama na funguo mfukoni. Nilijua kuwa jina lake halimo, na akikamatwa ni pauni 300 na alama sita za adhabu, gari linavutwa. Mimi niliyemruhusu ninalo kosa langu vilevile, na kwa aliyefaulu mtihani chini ya miaka miwili, alama sita zinatosha kuondoka na leseni. Bila leseni, nani atamwogesha bibi?

"Unaninyima gari, kaka?" alisema. "Mimi niliyekupokea uwanjani na koti langu mwenyewe?"

Sikuwa na jibu la Kiswahili kwa hilo, na sijalipata. Nilichofanya ni kumwambia akae, nikamwekea chai, nikatoa simu. Kuna bima ya siku moja. Dereva anajijazia jina lake, kampuni inambeba kwa saa 24. Alijaza kwa hasira, akibofya kama anayeua mbu. Umri. Kazi. Anwani. Alipofika chini akanyanyua kichwa, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Eti wanauliza gari linalala wapi."

"Barabarani," nikamwambia. "Usiandike geti."