Kitarakilishi cha Mfukoni na Hesabu za Akina Mama

Ndugu msomaji, usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha, tukapewa alama zetu na kuisahau. Mimi maana yake nilifunzwa wakati wa likizo ndefu ya mwaka 2024, na aliyenifunza hakuwa mwalimu. Alikuwa kitarakilishi kidogo kinachoingia katika mfuko wa koti. Nimeona nisikae kimya na nililolipata, kwa maana chama chetu cha Kiswahili hakina choyo.

Kwanza nikueleze kitu chenyewe. Mjomba wangu hutengeneza simu na redio mjini Eldoret. Siku moja alituletea ubao wa tarakilishi uitwao Raspberry Pi Zero 2 W. Ubao huo ulibuniwa Uingereza na ukaanza kuuzwa Oktoba 2021 kwa dola 15 za Marekani. Urefu wake ni milimita 65 na upana milimita 30, yaani hata kadi ya kitambulisho inaushinda ukubwa. Una kumbukumbu ya megabaiti 512. Hauna kioo, wala kibodi, wala diski. Mahali pa diski hutumia kadi ndogo mfano wa ukucha wa kidole gumba, kama ile ya kuwekea picha katika simu. Mjomba aliubandika ubao ule nyuma ya kibodi ya kiganjani, akavuta waya mmoja hadi kwenye runinga yetu na mwingine hadi kwenye chaja ya simu, basi! Tarakilishi ikawa imekamilika. Ukimaliza kazi unazichomoa nyaya, unatia kibodi mfukoni na kwenda zako.

Mfumo unaoendesha mashine hii ni Linux. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, kwa jina Linus Torvalds, aliuanza akiwa kijana wa miaka 21 tu. Hakuufungia kabatini. Aliwaachia watu wausome, waurekebishe na kuugawa bure. Leo kiini cha Linux ndicho kilichomo ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 tarakilishi zote 500 zilizo katika orodha ya zile zenye nguvu zaidi duniani hutumia Linux. Kwa hiyo kitarakilishi chetu, ingawa ni kidogo kama sisimizi, ukoo wake si haba.

Sasa tuje kwa yaliyotusibu. Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama 24 pale kijijini. Kila Jumapili kila mmoja hutoa shilingi 200. Wengine huchukua mikopo, wengine hulipa, na mwaka ukiisha fedha hugawanywa. Hapo zamani hesabu ziliandikwa kitabuni. Lakini mwaka 2023 chai ilimwagikia kurasa mbili, na majina mawili yakawa hayasomeki. Loo! Maneno yaliyotoka siku hiyo sithubutu kuyaandika katika gazeti la shule. Kitabu kilipojaa Mei 2024, wanachama wote walikubaliana hesabu ziwekwe kwenye tarakilishi, nami nikawa karani. Mjomba akaongeza kigawanyi chenye matundu kadhaa, akachomeka flashi, na akaiamuru mashine iweke nakala humo kila Jumapili usiku.

Siku ya mgao ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Desemba, saa nane mchana. Jumatano jioni Mama aliniambia nikiwashe kitarakilishi tupige jumla. Nikakiwasha. Mistari myeupe ikateremka kwenye runinga kama kawaida, kisha ikasimama tisti. Tukangoja. Baadaye yakatokea maneno kwamba mashine imeingia katika hali ya dharura, na kwamba mlango wa msimamizi mkuu umefungwa. Nikibonyeza kitufe, inajaribu tena, inarudi pale pale.

“Imekufa?” Mama akaniuliza.

“Haijafa, Mama. Inaongea.”

“Inaongea nini na mimi Jumamosi nina watu ishirini na wanne hapa? Aki mwanangu, nitawaambia nini? Nitawaambia pesa zao zimemezwa na runinga?”

Nilimwelewa. Fedha zenyewe zilikuwa benki, salama salimini. Lakini fedha bila hesabu ni ugomvi mtupu. Nani alilipa mkopo mwezi wa Julai? Nani alikosa wiki tatu? Mama angesimama mbele ya majirani zake mikono mitupu, na jina lake alilolijenga miaka tisa lingechafuka kwa saa moja. Usiku ule hakula.

Nikampigia Mjomba simu. Alikuwa na kazi nyingi, hawezi kufika kabla ya Jumatatu. “Sikiliza, mpwa wangu,” akaniambia, “usitibu ugonjwa hujaujua. Anza na kile unachoweza kukigusa. Halafu soma kile inachokwambia, neno kwa neno. Na usibadilishe vitu viwili kwa mara moja, maana ikipona hutajua ni dawa gani iliyoiponya.”

Nikaanza na umeme. Ubao ule unataka volti 5 na ampea 2.5, na chaja hafifu huweza kuuyumbisha. Nikaazima chaja nzima ya jirani. Hali ikawa ile ile. Basi si chaja. Waya wa runinga? Nao mzima, la sivyo nisingeona maandishi. Ndipo nikachukua daftari na kunakili kila mstari uliokuwa ukitokea, pamoja na muda wake kwa saa ya ukutani. Hapo nikagundua jambo. Mashine haikuwa ikisimama ovyo. Ilikuwa ikisubiri diski fulani yenye namba ndefu, inasubiri dakika moja na nusu kamili, kisha ndipo inakata tamaa.

Alhamisi asubuhi nikaipeleka kadi saiba nijue kama ni nzima. Kijana wa pale akaichomeka kwenye tarakilishi yake. Ajabu, kadi moja ikatokea kama diski mbili. Ndogo ikafunguka bila taabu. Kubwa ikakataa, na kioo kikaandika kwamba ni lazima ifomatiwe kwanza ndipo itumike.

“Hii imeharibika,” kijana akasema. “Nibonyeze tu tuisafishe?”

Kidole chake kilikuwa tayari ki juu ya kitufe.

“Ngoja! Usibonyeze!” nilipaza sauti hadi wateja wakageuka kunitazama.

Ndugu msomaji, hapa pana somo kubwa. Linux huhifadhi mafaili yake kwa mpangilio uitwao ext4, na mfumo wa tarakilishi za pale saiba hausomi mpangilio huo. Kutosomeka si kuharibika. Mtu asiyejua Kiarabu akiletewa barua ya Kiarabu, haichani eti kwa kuwa haina maneno. Lau kitufe kile kingebonyezwa, hesabu za mwaka mzima zingefutika. Kijana mwenyewe hakuwa na nia mbaya, na nilipomweleza akacheka akasema, “Kumbe! Basi leo umenifunza.”

Jioni nikamsomea Mama zile namba nilizonakili. Namba ya diski inayosubiriwa haikufanana na ya kadi. “Sasa ni diski gani nyingine?” akauliza. Tukatazamana. Flashi! Tukaangalia kwenye kigawanyi. Tundu lake lilikuwa wazi kama pengo la mzee.

Kitinda mimba wetu alikuwa kimya mno pale kwenye kochi. Kwa kawaida mtoto yule hanyamazi hata akilala. Alipoulizwa, machozi yakamlengalenga. Alikuwa ameichukua flashi Jumatatu, akampelekea kinyozi amwekee nyimbo. Kinyozi akaifomati kwanza ili ipate nafasi, kisha akaijaza nyimbo tele. Nakala zetu za kila Jumapili zilikuwa zimekwenda na maji. Kilichobaki ni kadi peke yake.

Nikairudisha flashi mahali pake, nikawasha mashine. Bado ikasubiri! Mjomba alinieleza sababu kwenye simu. Kila diski inapofomatiwa hupewa namba mpya ya utambulisho. Katika faili liitwalo /etc/fstab mashine ilikuwa imeandikiwa, “Usianze kazi mpaka diski ya namba hii ifike.” Flashi ilikuwepo, lakini kwa mashine ilikuwa mgeni tu. Ilikuwa kama mtu anayemngoja rafiki yake stendi, naye rafiki amebadilisha jina na sura.

Dawa ikajulikana: kurekebisha mstari mmoja ndani ya faili lile. Lakini tutaingiaje na mlango umefungwa? Mjomba akanikumbusha ile diski ndogo iliyofunguka kule saiba. Humo mna faili liitwalo cmdline.txt, lenye mstari mmoja tu wa maagizo ambayo mashine husoma inapoamka. Ijumaa nikarudi saiba, nikalifungua, na mwishoni mwa mstari ule ule, baada ya nafasi moja, nikaandika init=/bin/sh. Maana yake ni hii: usiende huko kote unakokwenda kila siku, nipe tu mahali pa kuandikia amri. Ni sharti yabaki mstari mmoja, ukivunja mstari umeharibu.

Usiku ule tulikaa mbele ya runinga, Mama, mimi na kitinda mimba. Nikawasha. Mistari ikateremka, kisha ikatokea alama ya reli, #, na kijimstari kikipepesa pembeni. Mlango umefunguka!

Mjomba alikuwa ameniusia: okoa mali kwanza, jengo utalikarabati baadaye. Katika hali ile kadi husomeka tu, haiandikiki, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuharibika. Nikaandika amri ya kusoma faili la chama. Majina 24 yakajitokeza, kila moja na akiba yake na mkopo wake. Mama alishika kifua. Hakusema kitu. Akavuta kiti karibu na runinga, akaanza kunisomea jina moja moja nami naandika daftarini kwa kalamu. Tulipomaliza tukajumlisha akiba: shilingi 230,400. Watu 24, shilingi 200, wiki 48. Hata ndururu haikupungua.

Hapo ndipo nikaanza ukarabati. Kwa amri mount -o remount,rw / nikairuhusu kadi iandikike. Nikafungua /etc/fstab, na kwenye mstari wa flashi nikaongeza neno moja, nofail. Neno hilo linaiambia mashine kwamba diski hii isipokuwepo, wewe endelea na kazi. Nikahifadhi, nikaandika sync ili kila kitu kitue kwenye kadi, nikaifunga kadi tena isiandikike, nikazima. Jumamosi asubuhi nikaenda saiba mara ya tatu kuyaondoa yale maneno ya cmdline.txt. Kijana alikataa malipo. Kitarakilishi kiliporudi nyumbani kiliamka bila kusubiri mtu.

Saa nane wanachama wakafika. Mama hakuwaficha. Aliwaeleza yote, akawaonyesha daftari na runinga, wakalinganisha mstari kwa mstari. Mama mmoja mzee, mkali kama pilipili, alivaa miwani yake, akahakikisha jina lake, kisha akasema, “Hii ni sawa. Lakini mashine isiachwe peke yake na siri zetu.” Tangu siku hiyo hesabu hukaa mahali patatu: katika kitarakilishi, katika flashi iliyo kwa mwenyekiti, na katika daftari la mkono. Kitinda mimba amepewa kazi ya kusoma majina kwa sauti kila Jumapili, na anaifanya kwa majivuno makubwa.

Ndugu zangu, wengi wetu mashine ikigoma huizima na kuiwasha mara kumi, halafu tunaitukana. Nimejifunza kwamba mashine haina kisirani. Inafuata ilichoandikiwa, na mara nyingi inatueleza wazi inachokwama nacho, ila hatusomi. Tena inatueleza kwa Kiingereza. Mama hakukifurahia hicho. “Mbona haiongei Kiswahili nikaielewa mwenyewe?” aliniuliza. Nikamwambia wako waliojaribu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa kuwa Linux si mali ya kufichwa, njia hiyo i wazi kwetu pia.

Basi nina pendekezo kwa chama chetu. Tuanze na neno moja. Tulitafutie nofail Kiswahili chake. Mama yangu ameshatoa pendekezo lake, nalo tayari limeingia katika kanuni za akina mama kwa yeyote anayechelewa kikaoni: “Asipokuja, tusikwame.” Mwenye bora kuliko hilo na alilete Jumatano, tuko darasani kama kawaida.