SEHEMU YA 9: Gari linalia tiki tiki, mtoto anaumwa kichwa

Huku Kaengesa baridi imeanza kuuma, nimejifunika khanga mbili, chai ya tangawizi iko pembeni. Wengi mliniuliza kuhusu watoto wanaotapika safarini. Leo nawapa stori ya mwanangu mwenyewe, na nasema mapema: mimi nesi wenu, ilinipita.

Msimu ule mahindi yalitulipa, baba watoto akaenda Mbeya akarudi na Harrier ya mkononi, ile mnayoiita tako la nyani. Ilishatumika Japani, ikatumika tena hapa kwetu, lakini ukikaa kwenye vile viti unajisikia mke wa waziri. Kasoro ilikuwa moja tu: asubuhi ukiiwasha inalia tiki tiki tiki. Ukikanyaga mafuta, mlio unaenda mbio. Injini ikipata moto unapungua, na sisi tunausahau.

Mwezi wa sita na wa saba huku Ufipa mnaujua wenyewe. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, asubuhi vidole vinakufa ganzi. Kwa hiyo safari za Sumbawanga mjini tulifunga vioo vyote na kuwasha hita. Mwanangu, wakati huo ana miaka minne, akaanza: "Mama, kichwa." Kisha usingizi mzito, akiamka anatapika. Jioni yuko nje anakimbia kama hakuna kilichotokea.

Nilifanya nini? Nikampima malaria, hakuna. Joto la mwili, kawaida. Wiki iliyofuata yaleyale, nikapima tena, hakuna. Nikamwekea kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, kikasoma 98. Basi nikasema ni kichefuchefu cha gari, nikawa nampa ndimu anuse. Na mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinanigonga kila safari, nikasingizia zamu za usiku.

Huku nyuma baba watoto alikuwa anahangaika na ule mlio. Fundi wa kwanza alisikiliza nusu dakika tu: "Tapeti hizo, tufungue injini." Bei aliyotaja ni ya ng'ombe, si ya kuku. Tukaondoka.

Fundi wa pili ni mzee. Nilimwamkia, akaitikia, wala hakushika spana. Alianza na maswali, kama sisi tunavyomhoji mgonjwa. Unalia injini ikiwa baridi au ya moto? Ukikanyaga mafuta unaongezeka? Mara ya mwisho kubadilisha oili lini? Akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, gari likiwa tambarare na limezimwa. Oili ilikuwepo ya kutosha. Alisema hapo ndipo pa kuanzia siku zote, maana oili ikipungua, vyuma vya juu vinakosa ulaini na kuanza kugonga. Na ukisikia mlio mzito kutoka chini, ko ko ko, usiendelee na safari, zima gari.

Halafu akachukua kipande cha mpira wa maji. Ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha taratibu juu ya injini inayounguruma, mbali na mikanda. Jamani nilicheka! Ni mimi kabisa na ile fetoskopu yangu, natafuta moyo wa mtoto tumboni. Akafika nyuma ya injini, upande wa kuelekea tunapokaa. "Huyu hapa."

Gasketi ya ekzosi, pale bomba la moshi linapoungana na injini, ilikuwa imeungua, na pembeni yake pana masizi meusi. Kila silinda ikitema moshi, mwingine unachomokea hapo: tiki. Chuma kikipata moto kinatanuka, upenyo unabana, mlio unapungua. Ndiyo maana tulikuwa tunausahau.

Kisha mzee akaniuliza, "Mwanangu, humo ndani hamuumwi vichwa?"

Nilikosa jibu. Miguu ililegea.

Mama zangu, moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka mwilini haijabeba kinachotakiwa. Moshi uliovujia pale ulikuwa haujafika hata kwenye masega yanayoupunguza sumu, na hewa ya ndani ya gari inaingilia karibu na hapo, chini ya kioo cha mbele. Na ile 98 yangu? Kifaa cha kawaida cha kidoleni hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye gesi hii. Kilinidanganya, na mimi nikaridhika.

Mwanangu hakupimwa damu kwa ajili ya gesi hiyo, kwa hiyo siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba gasketi ilibadilishwa kwa hela ndogo kuliko ile ya kufungua injini, mlio ukaisha, na "Mama, kichwa" sijaisikia tena ndani ya gari lile.

Naomba mbaki na haya:

1. Watu wawili au zaidi wakiumwa kichwa pamoja, ndani ya gari moja au chumba kimoja, bila homa, na wakipata nafuu wakitoka nje, fikiria hewa kabla ya kufikiria malaria.

2. Gari likilia tiki tiki likiwa baridi, usisubiri. Vioo visifungwe vyote, na lifike kwa fundi anayeuliza maswali.

3. Mtu akilegea au akisinzia kusiko kawaida, mtoe nje kwenye hewa safi, mpeleke kituoni haraka, na umwambie mhudumu alikuwa wapi. Mjamzito msimchukulie poa, mtoto wa tumboni anaumia zaidi.

4. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni gesi hiyohiyo. Baridi hii nawajua. Mkimaliza kuota moto, jiko litoke nje kabla hamjalala.

Kama mwanao analalamika kichwa kila safari, niandikie hapo chini, na uniambie gari linaliaje asubuhi. Sitakucheka. Tukutane sehemu ya 10.