Fundi wa Maua ya Sukari

Maua ya sukari hupakwa rangi yakishakauka, na Dar es Salaam hakuna kinachokubali kukauka kwa hiari. Miaka yote ya kazi hii nimegombana na unyevu kuliko nilivyogombana na wateja. Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, petali niliyoiacha jioni ikiwa ngumu naikuta asubuhi imelegea. Ukiipitishia brashi hivyo hivyo, unga wa rangi unanasa palepale ulipogusa, unakuwa doa, na doa hilo halifutiki. Kwa hiyo nyumbani kwangu feni ya maua inakesha, hata siku ambazo sisi wenyewe tunalala na joto letu.

Nilianza kama msaidizi katika jiko la hoteli moja ya katikati ya mji, kuosha trei na kuchekecha sukari ya unga. Fundi wa keki alikuwa mzee wa Tanga, mtu wa maneno machache, ambaye brashi zake alizikunja kwenye kitambaa na kuondoka nazo kila jioni. Aliponiruhusu hatimaye kushika moja, nilikuwa nimekwisha kufungua kopo la njano aliposema, "Nenda kalitazame ua kwanza mtini, mwanangu." Bustanini kulikuwa na msanapichi.

Sijaacha kulitazama ua lile. Petali ni tano, kila moja imeilalia mwenzake kwa mzunguko mmoja. Njano yake inaanza nzito kooni, inapanda ikififia, na ikifika katikati ya petali imekwisha, bila mpaka wowote unaoweza kuuonyesha kwa kidole. Kuipata hiyo kwenye sukari, brashi lazima iwe kavu kabisa. Unachota unga kidogo, unaupangusia kwenye tishu mpaka udhani hakuna kilichobaki, ndipo unagusa ua, kutoka ndani kwenda nje. Rangi ikiwa kali unaipoza kwa kornifulawa. Mwisho unalipitisha ua juu ya mvuke wa birika, sekunde mbili tatu, vumbi litulie na rangi iingie. Ukizidisha hapo, sukari inaanza kuyeyuka na kazi yote imekwenda.

Dhahabu ni habari nyingine. Unga wa kung'aa, ukitaka kuchorea, lazima uloweshwe, na maji hayafai kwa sababu yanayeyusha sukari na kuiacha ikinata. Mafundi wengi hutumia pombe kali isiyo na rangi, ambayo huruka hewani na kuiacha dhahabu peke yake. Wapo wanaotumia Konyagi. Mimi naiona ina maji mengi mno, kilevi chake ni asilimia 35 tu. Lakini wateja wangu wengi ni Waislamu, na kumwambia mtu kwamba pombe imeruka si jibu. Keki zao nazipaka mafuta meupe ya kupikia, membamba sana, kwa kidole, kisha unga mkavu juu yake. Mng'ao wake ni wa chini zaidi. Kwa macho yangu ndio mzuri kuliko ule mwingine, ingawa sijapata kamati ya harusi inayokubaliana nami.

Halafu zikaja habari za Marekani. Mwaka 2021 CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, ilieleza visa viwili. Rhode Island, mwaka 2018, watoto walikula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa kung'aa, wakatapika na kuharisha. Unga ule ulikuwa wa shaba. Missouri, mwaka 2019, mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na madini ya risasi kwenye damu, na chanzo kilikuwa unga wa njano uliopakwa maua ya keki yake. Njano! Nilikwenda kabatini usiku uleule nikaanza kusoma makopo.

Kopo la unga wa kuliwa huandikwa viambato vyake. Unga usiong'aa huwa ni wanga na rangi za chakula. Unaong'aa mara nyingi ni maika na oksaidi ya chuma, E172, na mara nyingi pia E171, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chakula mwaka 2022 lakini Uingereza na Marekani bado zinairuhusu. Kopo lisilo na orodha, hata liwe limeandikwa halina sumu, kwangu si chakula. Kalamu za rangi za watoto nazo hazina sumu, na hakuna anayezikorogea chai.

"Ukumbi mzima bluu na dhahabu, halafu keki ije imepauka?" aliniuliza shangazi wa bibi harusi mmoja, kopo la Kariakoo mkononi, halina orodha.

"Itang'aa, shangazi. Lakini chini."

Keki zetu nyingi za ghorofa zina dami, ngazi za bandia zilizofunikwa aisingi, ambazo haziliwi na mtu. Hizo nazimwagia chochote mteja anachotaka. Ila unga hupukutika, kwa hiyo dami inakaa chini, kibao kinafuata, na keki yenyewe iko juu kabisa, mahali ambapo maharusi hawafikishi kisu mpaka wapande kijukwaa. Shangazi alifikiri kidogo, akakubali, kwa sharti kwamba kijukwaa nacho kivishwe kitambaa cha bluu.